Mtaa Usio na Rezo: Ushauri kwa Wakaaji wa Pembezoni mwa Baraka na Fizi

Baraka imekua haraka kuliko minara yake. Tangu amri ya mwaka 2013 iliyoipa hadhi ya mji, nyumba zimeendelea kupanda kuelekea mlimani na kujipanga kando ya barabara ya Uvira. Vita navyo vimeongeza watu: Warundi waliofika kambi ya Lusenda kuanzia 2015, jamaa waliokimbia milima ya Minembwe na Itombwe, kisha familia zilizoteremka kutoka kaskazini baada ya waasi wa M23 kuingia Bukavu mwezi wa Februari 2025. Maji ya Tanganyika, yaliyopanda mno katika miaka ya karibuni, yamewasukuma wengine kutoka ufukweni. Wengi wa watu hawa hawakupata kiwanja karibu na soko. Walipata pembeni, mahali ambapo herufi E, ya mtandao wa polepole, inatokea kwenye simu asubuhi na kupotea jioni.

Ninawaandikia hao, pamoja na ndugu zetu wa Fizi-centre, Mboko, Nundu na rasi ya Ubwari, ambao hali yao ni ileile au mbaya zaidi. Siandiki juu ya starehe. Mwanafunzi wa mwaka wa sita anatafuta matokeo ya mtihani wa taifa, Exetat. Muuguzi wa kituo cha afya anataka kutuma picha ya kidonda kwa daktari aliye hospitali kubwa. Mama anangoja sauti ya mwanawe aliyeingia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, mwaka 1996, akahamishiwa Marekani na sasa anatuma dola za karo. Muuza ndagala anataka kujua bei ya Uvira kabla hajapakia. Kwa kila mmoja wao, saa moja ya rezo iliyokatika ni fedha, na mara nyingine ni uhai.

Rai yangu ni kwamba tuache kupambana na rezo kila mtu peke yake. Kuna mambo ambayo mtu mmoja na simu yake anaweza kuyarekebisha, nami nitayataja. Lakini sehemu kubwa ya tatizo hili haiwezi kutatuliwa na mfuko wa mtu mmoja, na fedha tunazotupa kila wiki kwa forfe zisizofungua hata picha moja zingetosha kuanzisha jambo la maana kama mtaa mmoja ungeziweka pamoja.

Kabla ya kutumia hata faranga moja, jua tatizo liko wapi. Watu wengi wakiona ukurasa haufunguki hununua mega zaidi, au hubadilisha kadi ya simu, au hununua simu mpya, na hali inabaki palepale kwa sababu kasoro haikuwa hapo. Vile vijiti vya rezo juu ya kioo havipimi kasi. Vinaonyesha tu jinsi simu inavyousikia mnara. Unaweza kuwa na vijiti vyote na usipate hata ujumbe mmoja.

Fanya jaribio hili. Amka saa kumi na moja alfajiri, wakati wengi wamelala, ufungue ukurasa uleule uliokushinda jana jioni. Ukifunguka haraka, basi mnara wenu unazidiwa na watu: uliwekwa kwa ajili ya Baraka ya zamani, na sasa unabeba watu wengi zaidi. Kama vijiti vimejaa lakini hata alfajiri hakuna kinachopita, tatizo liko nyuma ya mnara, kwenye njia inayoupeleka ujumbe wako nje ya Fizi. Na kama vijiti vinapanda na kushuka kila unapogeuka, uko mbali, au kuna mlima, msitu au ukuta kati yako na mnara.

Kuna jambo la nne ambalo kwetu ni kubwa, nalo ni moto wa mnara wenyewe. Umeme wa Ruzizi haujatufikia. Minara yetu inaishi kwa jua na mazuti, na mazuti hayo yanapita barabara ya taifa namba 5, ambayo kila mkaaji wa Fizi anajua inavyokuwa masika, madaraja yanapokwenda na maji na malori kulala njiani siku kadhaa. Mkiona rezo inakatika usiku baada ya siku za mawingu, au inapotea kabisa wakati barabara imefungika, msilaumu simu zenu. Andikeni tarehe. Nitaeleza baadaye kwa nini daftari hilo ni silaha.

Sasa tuje kwa yale unayoweza kuyafanya mwenyewe. Simu nyingi za Android zinaonyesha kipimo halisi cha rezo: ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu inayoeleza habari za simu, halafu hali ya kadi. Utaona namba yenye alama ya kutoa mbele yake. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo rezo ilivyo nzuri: –80 inatosha kwa kazi nyingi, –110 ni dhaifu mno. Tembea na namba hiyo kuzunguka nyumba. Utashangaa jinsi inavyobadilika ndani ya hatua kumi, kwa sababu mabati ya paa na matofali ya kuchoma yanazuia mawimbi. Mara nyingi kona moja ya uwanja, upande unaotazama mnara, ina rezo ambayo sebule haina.

Ukishaipata kona hiyo, weka hapo simu ya zamani yenye kadi ya data, juu ya mti au mlingoti mfupi, ndani ya kopo la plastiki lisiloingiza mvua na lililo kivulini ili betri isichemke. Washa sehemu ya kugawa intaneti, na simu nyingine zote za nyumbani ziunganike nayo kwa Wi-Fi. Kopo la chuma halifai, litaziba mawimbi. Mwenye uwezo zaidi atafute ruta ndogo ya kadi ya simu yenye tundu la antene ya nje, aelekeze antene kwenye mnara, na waya uwe mfupi iwezekanavyo, maana waya mrefu hula nguvu yote mliyoikamata huko juu.

Jambo jingine dogo: 4G dhaifu ni mbaya kuliko H, yaani 3G, iliyotulia. Simu inahangaika kati ya aina mbili za mtandao, betri inakwisha na hakuna kinachofunguka. Ilazimishe ibaki kwenye 3G kwa siku chache uone tofauti. Mahali penye E tupu kubali ukweli wake: kasi hiyo kwa kawaida haifiki hata robo ya megabiti kwa sekunde. Maneno ya WhatsApp yatapita, sauti fupi itapita kwa kuchelewa, video haitapita, na kila unapojaribu unachoma mega bure. Walio kando ya ziwa wawe waangalifu pia na mitandao ya ng'ambo, kwani usiku simu inaweza kushika rezo ya Burundi bila wewe kujua na unite zikaondoka kwa bei ya kigeni. Zima matumizi ya data nje ya nchi, na uchague mtandao wako kwa mkono.

Kuhusu kuokoa mega, sitarefusha. Katika WhatsApp zima upakuaji wa picha na video unaojiendesha wenyewe. Jambo hili peke yake hurefusha forfe kuliko mbinu nyingine yoyote ninayoijua. Simu ya sauti ya WhatsApp hula chini ya mega moja kwa dakika, ile ya video hula mara kadhaa zaidi, kwa hiyo msalimie mjukuu kwa uso mara moja, halafu endeleeni kwa sauti. Zuia programu kujisasisha zenyewe. Tumia kivinjari kinachobana kurasa, kama Opera Mini. Kutuma na kupokea fedha kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money kunawezekana kwa namba fupi bila data yoyote. Na kijana atakayekuuzia programu ya intaneti ya bure usimsikilize: mara nyingi unampa mtu usiyemjua mlango wa kuingia kwenye simu yenye fedha zako.

Kuna ushauri mmoja ambao ninaomba wazazi wausome mara mbili. Katika vijiji vingi vyetu vijana hupanda kilima jioni kutafuta rezo. Ninaelewa kwa nini. Lakini katika Fizi ya leo, yenye silaha kila upande, msichana aliyeketi peke yake juu ya kilima saa moja usiku, uso wake ukimulikwa na simu, yuko hatarini. Panga saa za mchana, waende kwa kikundi, na mtu mzima ajue. Kama ni kazi ya shule, tafuta njia ya kuileta kazi hiyo chini, karibu na nyumba.

Njia hiyo ipo, na haihitaji rezo kila siku. Wikipedia nzima ya Kiswahili inaingia kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu kwa kutumia programu ya bure iitwayo Kiwix; ile ya Kifaransa isiyo na picha inaingia kwenye kadi ya giga 32. Mtu mmoja akisafiri kwenda mahali penye intaneti nzuri anaipakua mara moja, kisha simu hamsini zinainakili bila kutumia hata mega moja. Shule inaweza kwenda mbali zaidi kwa Kolibri, programu ya bure iliyotengenezwa kwa ajili ya shule zisizo na intaneti. Kompyuta moja inabeba masomo na mazoezi, na wanafunzi wanayasoma kwa Wi-Fi ya darasani. Kompyuta hiyo inaweza kuwa ndogo kama kiganja na kuishi kwa paneli moja ya jua. Wakurugenzi wa shule, ninyi ndio wa kuanza hapa, na hamhitaji kungoja mnara wowote.

Sasa jambo lenyewe. Hapahapa Kivu Kusini, kwenye kisiwa cha Idjwi, kuna mfano ambao kila mtaa wa Baraka ungepaswa kuujua. Huko wakaaji wakisaidiwa na shirika la La Différence walianzisha mtandao wao walioupa jina la Pamoja Net. Idjwi haikuwa na umeme wa gridi, na kampuni hazikuona faida ya kuihudumia vizuri. Basi walivusha intaneti kutoka bara juu ya Ziwa Kivu kwa redio, wakaendesha mitambo kwa jua. Taasisi zenye uwezo wa kulipa zilisaidia kubeba gharama, na watu wa kawaida wakapata mahali pa kuunganika. Kule Nairobi, vijana wa Kibera wamefanya jambo la aina hiyo kwa TunapandaNET, wakiunganisha shule na vituo vya vijana katika mtaa ambao watu wengi huujua kwa umaskini wake tu.

Mbinu hii ni rahisi kuliko inavyosikika. Jozi ya redio za gigahezi 5 inaweza kuvusha intaneti kilomita kadhaa, bila waya na bila unite, kwa sharti moja: lazima zionane. Mwembe mmoja katikati unatosha kuharibu kazi. Kwa hiyo tafuteni paa refu katikati ya mji lenye rezo nzuri, na paa lingine refu mtaani kwenu: parokia, msikiti, shule, kituo cha afya. Kutoka paa la pili, ruta za kawaida zinagawa Wi-Fi kwa majirani kwa tiketi zenye namba za siri, na mtambo wenyewe unapanga nani apate kiasi gani ili mtu mmoja asimeze yote kwa filamu.

Wengine watauliza: kwa nini tusinunue Starlink, intaneti ya setilaiti? Ni swali zuri. Machi 2024 mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, ilipiga marufuku matumizi yake nchini, kisha Mei 2025 ikaipa leseni. Kwa mitaa ambayo haionani na mnara wowote mzuri, hasa kule Ubwari na milimani, huenda ndiyo njia pekee ya haraka. Lakini fanyeni hesabu ya moto kabla ya hesabu ya sahani. Sahani ya kawaida hula wati 75 hadi 100. Ile ndogo iitwayo Mini hula wati 25 hadi 40. Chukua Mini kwa wati 40, saa kumi kwa siku: wati-saa 400. Betri ya kawaida ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukiimaliza zaidi ya nusu unaiua, kwa hiyo una 600 tu. Inatosha, pamoja na paneli ya wati 200. Kwa sahani kubwa mtahitaji betri mbili na paneli zaidi, na masika muongeze tena.

Nimeirefusha hesabu hiyo kwa makusudi. Kinachoiua miradi hii ni betri kuliko redio au sahani. Betri ya asidi inayotumika kila siku huchoka baada ya miaka michache, na siku hiyo, kama kisanduku ni kitupu, mtaa mzima unarudi gizani na watu wanaanza kushutumiana. Tengeni fedha ya betri tangu mwezi wa kwanza, katika akaunti ambayo hakuna mtu mmoja anayeweza kuigusa peke yake. Akina mama wa vikundi vya akiba, AVEC na likelemba, wanajua kutunza fedha za wengi kwa daftari na kufuli zaidi ya moja; wapeni kazi hiyo. Wengi wao wameifanya kwa miaka bila kupoteza faranga, na sioni sababu ya kuwapa ufunguo vijana wa teknolojia kwa kuwa tu wanajua kufunga waya.

Upande wa sheria, msicheze. Kugawana gharama kati ya wanachama wa chama ni jambo moja. Kuuza intaneti kwa umma ni jambo lingine, na linahitaji ruhusa. Ulizeni ARPTC kwa maandishi kabla, na msome masharti ya kampuni, kwa sababu forfe ya nyumbani mara nyingi hairuhusiwi kuuziwa wengine. Sahani iliyoandikishwa Rwanda au Burundi na kuletwa kwetu inaweza kukatwa baada ya muda, nanyi mmeshalipa. Na juu ya yote, usalama. Kifaa cha mawasiliano juu ya paa, wakati wa vita, kinaweza kuzua shaka kwa mtu yeyote mwenye bunduki. Kisiwekwe kimyakimya usiku. Chefu wa kartie ajue, ofisi ya meya iwe na barua, na majina ya wahusika yawe wazi. Kisiwekwe kwenye nyumba ya mtu binafsi kama kuna shule au kanisa lililo tayari kukipokea.

Intaneti inayokwama ina madhara mengine ambayo hatuyasemi sana. Watu wanapokea sauti iliyotumwa mara mia, hawawezi kufungua habari yenyewe kuithibitisha, na jioni mtaa mzima unafunga mizigo kukimbia hatari isiyokuwepo, au unakaa wakati hatari ipo. Viongozi wa vikundi vya WhatsApp wawe na kanuni: sauti isiyo na jina, mahali na saa isipelekwe mbele. Redio bado ni rafiki. Radio Okapi imekuwa ikitangaza tangu 2002, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake. Redio ndogo ya betri ndani ya nyumba inasaidia pale rezo inapokufa.

Nirudi kwenye daftari. Sheria ya Novemba 2020 juu ya mawasiliano iliunda mfuko wa huduma kwa wote, FDSU, ambao kazi yake ni kupeleka mawasiliano mahali ambapo kampuni hazioni faida. Mitaa yetu ndiyo mahali hapo. Lakini ofisi ya Kinshasa haiwezi kuona E iliyoko kwenye simu ya mama wa mtaa wa Kalundja. Inahitaji karatasi. Na msiamini kwamba sauti za wananchi hazifiki: ile tozo ya RAM, iliyoanza kukata unite za watu mwezi wa Septemba 2020, iliachwa mwaka 2022 baada ya malalamiko ya nchi nzima.

Chagueni watu kumi wenye simu za kampuni tofauti, waliotawanyika mtaani. Kwa mwezi mmoja kila mmoja aandike mara tatu kwa siku: tarehe, saa, mahali, kampuni, herufi anayoiona, namba ya rezo, na kama simu ya sauti ilipita. Aandike pia siku ambazo rezo ilikufa kabisa. Kisha hesabuni kaya, shule, vituo vya afya, maduka na vibanda vya fedha vilivyomo, kwa sababu kampuni haiji kwa huruma, inataka kujua wanunuzi wako wangapi. Ongezeni mlicho nacho: kiwanja kisicho na mgogoro, kilichothibitishwa na ukoo na chefu, na vijana walio tayari kulinda mnara na mazuti yake. Kiwanja chenye mgogoro kinatosha kuiondoa kampuni.

Barua iandikwe kwa Kifaransa, kwa sababu ndiyo lugha ya ofisi zitakazoisoma, lakini kwanza isomwe kwa Kiswahili mbele ya watu, kanisani Jumapili na msikitini Ijumaa, ili wanaotia sahihi wajue wanachokitia sahihi. Nakala ziende kwa kampuni, ARPTC, FDSU, meya, asasi za kiraia na wabunge tuliowachagua. Kila nakala irudi na muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Asiyetaka kugonga muhuri, andikeni jina la ofisi na siku aliyokataa. Baada ya siku 30 pelekeni barua ya pili, yenye vipimo vya mwezi mwingine, na muiambatanishe na kurasa za kwanza.